Darubini Yenye Namba Kubwa

Mjomba wangu Balthazar ana macho mazuri sana. Mwenyewe ndivyo anavyosema, na ushahidi anao. Mwaka juzi, wakati wa mahindi mabichi, alimpiga ngiri jioni akamwangusha palepale. Tulipofika tukakuta kisiki cha mninga. Kisiki kilikuwa kimekufa kweli, hilo hakuna aliyebisha. Mwaka jana akapiga dumu la maji la jirani yetu Ngusa, la lita ishirini, la njano, ambalo hata ng'ombe wa Ngusa walikuwa wanajua ni dumu. Na mwezi uliopita, mbele ya watu, akamkosa ngiri mkubwa kama pikipiki aliyekuwa amesimama anamwangalia. Ngiri hakukimbia. Aliondoka taratibu, mkia juu, kama mtu aliyemaliza shughuli zake benki.

"Tatizo siyo macho," mjomba alituambia wote. "Tatizo ni umbali. Siku hizi umbali haueleweki."

Ingekuwa mtu mwingine tungecheka, tukaenda kulala. Lakini kitongoji chetu, huku Msangano, kina mlinzi wa mashamba, na mlinzi ndiye mjomba. Kabla yake alikuwa baba yake. Bunduki ya marisau ni ya ukoo, ina leseni, na kila msimu wilaya inatoa kibali cha kupunguza ngiri, mchana tu. Mshahara hakuna. Kuna kitu kimoja tu: mahindi yakianza kukomaa, hakuna mtu anayechoma hindi hata moja mpaka mlinzi aonje la kwanza, amesimama, watu wote wanamtazama anavyotafuna. Ukimwona mjomba siku hiyo utadhani anaapishwa. Anatafuna hindi moja kwa dakika kumi na tano. Watoto wanalia njaa, yeye anatikisa kichwa kama anaonja dawa ya serikali.

Sasa baada ya yule ngiri wa benki, mwenyekiti wetu Enoka aliitisha kamati. Wakaamua kwa upole, kwa maneno matamu, yale maneno ambayo ukiyasikia unajua umekwisha. Mzee Balthazar apewe mpaka Jumamosi. Akiangusha ngiri mmoja, ataonja hindi Jumapili kama kawaida. Akikosa, barua inaandikwa, jina linabadilishwa, na mlinzi anakuwa Ngusa, ambaye naye ana bunduki yenye leseni.

Mjomba alirudi nyumbani, akauza mbuzi wawili, akanipigia simu Tunduma.

"Josephat, uko wapi?"

"Kijiweni, mjomba. Nasubiri abiria."

"Achana na abiria. Kuna darubini zinataja umbali. Nimezisikia redioni. Nakuja kununua."

Mimi ni dereva wa bodaboda mwenye cheti cha kidato cha nne, divisheni ya nne. Kwa ukoo wetu hiyo ni kama shahada. Kwa hiyo kila kitu chenye betri kinanihusu.

Hapa niseme jambo moja ili msije mkanilaumu baadaye. Bunduki ya mjomba inafika hatua hamsini, tena upepo ukiwa nyuma yake. Darubini aliyoitaka inapima mpaka mita elfu moja na mia tano. Yaani alitaka kujua, kwa uhakika wa kitaalamu, jinsi asivyoweza kumpiga ngiri aliyeko kata ya jirani. Nilimwambia hivyo hivyo.

"Wewe mdomo wako," akanijibu, "ndiyo maana huoi."

Nikampeleka kwa Zuleha. Huyu ni dada wa Kigoma mwenye duka mtaa wa nyuma ya stendi, anauza kila kitu ambacho lori limewahi kubeba kuvuka mpaka: tochi, redio, sola, vitenge, miwani ya jua, miwani ya kusomea, na darubini zinazotoka kusini kupitia Nakonde. Kabla hatujaingia, mjomba alisimama mbele ya duka la jirani akalisalimia sanamu la nguo lililovalishwa suti.

"Habari za hapa, bwana."

Akasubiri. Sanamu halikujibu.

"Vijana wa mjini," akaniambia, "hawana adabu."

Nilicheka hadi nikashika ukuta. Ningekuwa na akili ningejua palepale. Lakini mimi nina cheti, sina akili.

"Shikamoo, mzee wangu," Zuleha alisema.

"Marahaba, binti. Nataka darubini ya kuwindia, ile inayotaja umbali."

"Inayopima umbali. Haitaji, haina mdomo. Yenye mdomo umekuja nayo," akaninyooshea kidole. "Unawinda nini?"

"Ngiri."

"Mimi huyo simli, lakini darubini haina dini. Unampigia wapi?"

"Hatua hamsini. Marehemu baba aliniwekea sheria: zaidi ya hamsini hufyatui."

Zuleha alimtazama, akanitazama mimi. "Mzee, kwa hamsini unahitaji darubini au unahitaji kiti ukae umsubiri?"

Mjomba alijifanya hajasikia. Hiyo ndiyo kazi anayoifanya vizuri kuliko zote.

Basi Zuleha akatoa mbili. Namna anavyouza yule dada ungedhani anaozesha binti. Ya kwanza ya kijani, ya pili nyeusi, zote unatazama kwa macho mawili, unabonyeza kitufe juu, leza inakwenda inagonga kitu na kurudi, halafu namba nyekundu zinawaka ndani. Akatufundisha cha kuangalia. Iwe nyepesi, maana shingo ni moja. Vioo vising'ae, ngiri asije akaona taa porini. Kioo cha mbele kiwe kipana, kwa sababu alfajiri mwanga ni mdogo na kioo chembamba kinakupa giza lililokuzwa. Na betri mjaribu kuipata kabla ya kuipenda darubini.

"Ya kijani ndiyo nzuri zaidi kwako," alisema. "Nyepesi, kioo kipana, namba kubwa kidogo."

"Tuzijaribu," mjomba akasema, na akageuka kuelekea mpakani.

"Huko hapana, mzee! Ukielekeza huko tutaitwa ofisini wote watatu tueleze tunachunguza nini. Elekeza kule." Akamgeuzia kwenye foleni ya malori. Kulikuwa na lori moja la kubeba shaba, la bluu, limekaa pale tangu Jumanne. Dereva wake, Mzambia, alikuwa ameshaanika soksi kwenye kioo cha pembeni. Alipoona tunamlenga akapunga mkono, akatusalimia kwa Kibemba.

"Muli shani, mukwai!"

"Salama!" nikamjibu. "Tunakupima tu!"

Mjomba akabonyeza ya kijani, akatazama kwa muda mrefu, kisha akanipa. "Soma wewe. Ada yako nilichangia mimi, isiende bure."

"Mia moja na ishirini."

Akachukua nyeusi, akabonyeza, akatazama, akanipa. "Soma."

"Mia moja thelathini na moja."

Uso wa mjomba ukang'aa. "Umeona? Hiyo ya kijani imechokea njiani. Hii imefika mia moja thelathini na moja. Nachukua hii."

Zuleha akaomba darubini, akachungulia, akacheka kidogo. "Mzee, hii imewekwa kwenye yadi. Kipimo cha vitenge. Yadi ni fupi kuliko mita, ndiyo maana zinakuwa nyingi. Lori ni lile lile, halijasogea. Lori lile halijasogea tangu Jumanne. Ngoja nikurudishie mita." Akashikilia kitufe, akabonyeza tena, akanipa. "Soma, wewe mdomo."

"Mia moja na ishirini," nikasoma.

"Si unaona!" mjomba akaruka. "Umeshaipunguza nguvu! Ilikuwa mia thelathini na moja, umeishika kidogo tu imeshuka! Irudishe ilivyokuwa!"

"Mjomba," nikaingilia, "hili jambo lipo kwenye fizikia. Nililisoma."

"Ulipata nini fizikia?"

Fizikia nilipata F, na barua ya matokeo aliisomewa yeye.

"Basi," mjomba akasema.

Zuleha akashikilia kitufe tena. "Haya, mzee, nguvu zimerudi. Uende nazo salama." Akafunga ile nyeusi kwenye mfuko, nzito kama tofali, kioo chembamba, akamwongezea kitambaa cha kufutia bure. Nadhani kwa huruma.

Ijumaa tukashuka Msangano kwa pikipiki yangu. Njia nzima mjomba alikuwa nyuma yangu, darubini shingoni, ananipimisha kila kitu tunachokipita. "Ule mnara, soma." Nasimama, nasoma. "Yule punda, soma." Nasimama, nasoma. Safari ya saa tatu tukaimaliza kwa saa tano, lakini tukafika tukiwa na takwimu.

Jumamosi, kumepambazuka tu, tulikuwa ukingoni mwa shamba la mahindi, tumelala kifudifudi nyuma ya gogo. Tulikuwa watatu: mjomba na bunduki, mimi na darubini, na Ngusa, aliyetumwa na kamati awe shahidi. Ngusa ni Msukuma, mfugaji, mrefu, mtulivu, ana ng'ombe kama mia mbili na maneno kama ishirini kwa wiki.

"Hicho nini?" aliuliza.

"Kinapima umbali," nikamwambia.

"Mimi napima kwa ng'ombe," Ngusa akasema. "Kutoka hapa hadi kile kichuguu ni ng'ombe ishirini na tano, wakipangwa pua kwa mkia."

"Na wakikataa kupangwa?"

Akafikiri. "Hapo inakuwa mbali zaidi."

Upepo ulikuwa unatoka shambani kuja kwetu. Hilo lilikuwa zuri, maana ngiri haoni sana, anategemea pua. Na kweli haukupita muda, mabua yakatikisika, akatoka. Yule yule wa benki. Namjua, jino lake refu la kushoto limevunjika ncha. Akapiga magoti, maana ngiri hula amepiga magoti kama muumini, akaanza kufukua.

"Ngapi?" mjomba akanong'ona.

Nikabonyeza. "Sabini na nane." Za vitenge, lakini sikutaka kesi.

"Mbali. Tunasubiri."

Ngiri akasogea. "Sitini na tano." Akasogea tena, akila. "Hamsini na saba." Mjomba akaweka bunduki begani, akafumba jicho moja. Nikatoa darubini usoni ili nimwone vizuri mwindaji akiwa kazini. Mtutu ulikuwa umetulia kabisa. Ulikuwa umeelekezwa, bila kutetereka hata kidogo, kwenye kichuguu.

Ngiri alikuwa kushoto, mbali na kichuguu kama urefu wa lori zima na tela lake.

Nikamtazama mjomba. Alikuwa ameuma mdomo wa chini, jasho linamtoka na baridi ile yote. Nikakumbuka sanamu la nguo. Nikakumbuka "soma wewe", mara zote zile, mnara, punda, hata kile kibali cha wilaya alichonipa jana yake nikisome kwa sauti eti apate kusikia lafudhi yangu. Mjomba alikuwa haoni. Hakuwa anaona darubini, wala namba, wala ngiri. Alikuwa amenunua kitu cha kumwonyesha mbali ili asiulizwe kwa nini haoni karibu. Na kesho yake ilikuwa Jumapili.

"Sasa ngapi?" akanong'ona. "Imefika hamsini?"

Darubini ilikuwa inasema arobaini na nane.

"Hamsini na sita, mjomba," nikasema. "Amerudi nyuma."

Sijui ni nani aliyeniwekea yale maneno mdomoni. Nilichojua ni kimoja: mzee huyu hatafyatua zaidi ya hamsini hata umwekee kisu shingoni, kwa sababu ya sheria ya baba yake, na ngiri akisogea karibu vya kutosha, hata yeye atamwona.

Thelathini na tisa. "Hamsini na nne," nikasema. "Na amehamia kushoto. Kushoto kidogo, mjomba."

"Najua," akasema, akahamisha mtutu. Hakuwa anajua.

"Kushoto tena."

"Najua, nimesema!"

Ngusa alikuwa amegeuza kichwa ananitazama. Ng'ombe wake kichwani hawakuwa wanakubaliana na namba zangu.

Thelathini. "Hamsini na tatu." Ishirini na nne. "Hamsini na mbili. Huyu ngiri mbishi sana, mjomba." Ngiri akala, akasogea, akala, akasogea. Upepo ukatuletea yeye mzima mzima, harufu ya tope, ya mizizi, ya mnyama asiyewahi kualikwa harusini. Nilikuwa naona kope zake. Darubini ikaacha kuandika namba, ikaandika vistari; ngiri alikuwa karibu mno, haiwezi kumpima. Kifaa cha mbuzi wawili, cha mita elfu moja na mia tano, kilikuwa kimekata tamaa.

"Ngapi?"

"Hamsini," nikasema. "Hamsini kamili."

Bunduki ikalia.

Ngiri akaanguka ubavu, akapiga teke moja, akatulia. Safari hii hakuwa kisiki. Mjomba alibaki amelala pale, shavu bado kwenye bunduki, akauliza polepole, kama mtu anayeuliza matokeo ya mtihani: "Vipi?"

"Umempiga, mjomba. Kwa hatua hamsini."

Akasimama mara moja, vumbi hajajikung'uta, kifua mbele. "Ngusa! Umeona? Hamsini! Kawaambie!"

Ngusa akasimama naye. Akaanza kutembea kutoka kwenye gogo kwenda kwa ngiri, akihesabu hatua kwa sauti, yule mtu wa maneno ishirini kwa wiki, siku hiyo akaamua kuyatumia yote. "Moja. Mbili. Tatu." Miguu yake ni mirefu, kila hatua kama nusu ya ng'ombe. "Kumi na tatu. Kumi na nne." Akasimama. Mguu wake ulikuwa umemgusa ngiri kichwani.

Akageuka. Nyuma yetu sauti za watu zilikuwa zimeanza kusikika. Mlio ule umewaamsha, Enoka akiwa mbele yao na shati amefunga vifungo kombo. Ngusa akamtazama mjomba, ambaye alikuwa anatabasamu kuelekea upande ambao Ngusa hakuwepo. Akanitazama mimi.

"Ni ngapi, Ngusa?" Enoka akapiga kelele kutoka mbali. "Kamati inataka kuandika!"

"Hamsini," Ngusa akasema.

Nilimfuata wakati watu wanamzunguka ngiri na mjomba anasimulia mara ya pili, umbali umeshafika sitini. "Kaka Ngusa, kwa nini?"

"Kwa nini nini?"

"Wewe unajua."

Akakuna ndevu. "Mlinzi wa mashamba," akasema, "anafukuza kila kinachokula mahindi. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Nina ng'ombe mia mbili." Akaangalia upande wa shamba la Enoka, ambako ng'ombe watatu weusi, nawajua kwa alama za masikio kuwa ni wake, walikuwa wanatoka polepole na midomo ya kijani. "Enoka alitaka nijikamate mwenyewe. Mjomba wako anafaa kuliko mimi. Yeye hawaoni."

Jumapili mjomba alionja hindi. Dakika ishirini. Alitafuna akitikisa kichwa, akasimama pale katikati kama mnara, darubini shingoni, na watu walimpigia makofi, na Ngusa alipiga makofi kuliko wote. Watoto wakaachiwa mahindi yao hatimaye. Mimi nikakaa kando na kujisifu moyoni jinsi nilivyo mwerevu: mtu mzima na kamati nzima, wote nimewapitisha kwenye tundu la sindano.

Jioni mjomba akaniita nyuma ya nyumba. Akaketi juu ya kinu, akanikabidhi ile darubini.

"Josephat. Zile namba zako."

"Namba zipi, mjomba?"

"Ngiri alikuwa ananuka. Mimi nimewinda miaka thelathini na mitano. Ngiri wa hatua hamsini hanuki vile. Yule alikuwa ananipumulia."

Nikaanza kuifuta darubini kwa kile kitambaa cha bure. Ilikuwa safi tayari.

"Ulijua?" nikauliza. "Mbona hukufyatua?"

"Nilikuwa nasubiri uniambie hamsini. Nisingeweza kufyatua bila kuambiwa. Simwoni." Akalitamka hilo neno la mwisho haraka, kama mtu anayetema mbegu. Kisha akaangalia mikono yake. "Mama yako asijue. Wala Enoka."

"Sawa, mjomba. Lakini kuna hospitali. Wanapima macho, siyo jambo kubwa."

"Hospitali watasema mpaka wilayani wasikie. Yule binti wa Kigoma, si nilisikia anauza miwani?"

Jumanne tulikuwa dukani kwa Zuleha. Mjomba alilipita lile sanamu bila kulisalimia. Bado alikuwa amelinunia. Lori la bluu lilikuwa limeondoka hatimaye, soksi na kila kitu.

"Shikamoo, mzee. Darubini imeshindwa kazi?"

"Marahaba. Imeangusha ngiri. Sasa nataka miwani."

Zuleha akanitazama, nikatazama dari. Akaelewa, na yule dada, pamoja na ulimi wake wote, hakutania. Akaleta kikapu cha miwani, akaweka mezani kwa utaratibu, akasema kwa sauti ya chini, "Mzee wangu, hii ya kikapu ni ya kusomea maandishi tu. Macho ya kuonea mbali lazima yapimwe kwanza. Kuna daktari hapa hapa mjini, namjua, hasemi ya mtu. Nitakupeleka mwenyewe."

Mjomba alikuwa ameshachukua moja, anaigeuzageuza, ameisogeza mbali mpaka mkono umeisha, anatafuta kile kikaratasi kilichobandikwa kwenye kioo.

"Josephat, soma. Hii ni ngapi?"

"Moja na nusu, mjomba."

Akaiweka. Akachukua nyingine. "Na hii?"

"Tatu na nusu."

Akaivaa. Akasimama wima, akageukia mlangoni, akakunja uso kutazama mtaa mzima wa Tunduma uliokuwa umegeuka uji mbele yake. Kisha akamwinamia Zuleha kwa heshima zote.

"Binti, hii ina nguvu. Lakini yenye namba kubwa zaidi ya hii huna?"